Safari ya Pili ya Mama Apolinaria

Mashine ya boti ya kijiji cha Umoja ilifika kwenye karakana ya Mabruki, Kanyenye, mjini Tabora, siku ya Jumanne saa nne asubuhi. Ilikuja na lori la tumbaku kutoka Urambo, imelazwa juu ya magunia kama mgonjwa. Aliyeileta ni Limbu, dereva wa boti hiyo, mtu wa miaka arobaini ambaye alikuwa hajalala vizuri tangu mwaka uliopita, mwaka wa 1974, watu walipohamishiwa kwenye vijiji vipya.

"Inazimika katikati ya mto," alisema. "Halafu honi ya kuonya joto inalia. Wiki iliyopita imezimika nimepakia mama mwenye uchungu, nampeleka zahanati. Mama amepona. Mtoto hatukumpata."

"Inazimika kila safari?"

"Kila safari. Mahali pale pale."

Mabruki alikuwa na miaka ishirini ya kutengeneza vitu visivyo na spea, na alikuwa amechoka. Alifungua kabureta, akaisafisha. Akapuliza bomba la mafuta. Akakwangua plagi kwa msasa. Kisha akaining'iniza mashine ndani ya pipa la maji, akaiwasha. Ikanguruma saa nzima bila kukohoa, wala honi haikulia.

"Hii haiumwi," alisema. "Itabidi niione ikiwa mtoni."

Walifika mto Ugalla Alhamisi. Waliifunga mashine kwenye boti, wakatia petroli iliyochanganywa na oili, wakaondoka kuelekea juu. Mto ulikuwa mpana na mtulivu. Baada ya nusu saa, ng'ambo ya kushoto, yakatokea mahame ya kijiji cha zamani: kuta za udongo zisizo na paa, na migomba iliyoota ovyo. Hapo mashine ikazimika, honi ikalia.

Mabruki aligusa kichwa cha mashine. Kilikuwa baridi. Alilegeza kizibo cha tangi ili hewa ipite, akaminya pampu ya mpira mpaka ikawa ngumu. Petroli ilikuwa inafika. Akafungua chujio, akakuta limejaa maji. Alinusa, kisha akaonja kwa ncha ya ulimi. Yalikuwa maji ya kisima, matamu na baridi. Ndani ya tangi, petroli ilikuwa petroli.

"Maji haya yanatoka wapi?"

"Kisima chetu kilikuwa pale, nyuma ya migomba," Limbu alisema. Alikuwa anatazama ukingoni. "Mama yangu ameshakuja."

Mwanamke mzee alikuwa amesimama kwenye matete na furushi lake kichwani. Alikuwa amekufa mwaka mmoja sasa. Limbu alichukua kasia, akaisogeza boti mpaka kwenye tope. Siku zote alipofika hapo alipiga kasia kuelekea upande wa pili, kwa sababu hakuwa na la kumwambia.

"Shikamoo, mama," Mabruki alisema.

"Marahaba, mwanangu. Mmekawia."

Alipanda, akakaa kwenye ubao wa katikati, akaweka furushi mapajani. Honi ikanyamaza. Mabruki akamwaga maji ya chujio mtoni, Limbu akavuta kamba, mashine ikawaka.

Njiani Mama Apolinaria alieleza, bila hasira, kama mtu anayesimulia msimu wa mvua. Siku ya kuhama alikuwa na homa, hawezi kusimama. Boti ilikuwa imejaa. Katibu wa kijiji alisema itakuja safari ya pili. Petroli ikaisha, safari ya pili haikuja.

"Nilisikia mnaondoka," alimwambia mwanawe. "Nikaita. Lakini mashine yako ina kelele."

"Nilimwomba katibu petroli siku nane, mayu," Limbu alimjibu mama yake.

"Najua. Mimi nilikaa sita."

Katibu Ambrosi aliwapokea gatini Umoja. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na vidonda vya tumbo na daftari lenye majina ya kaya zote. Alimwamkia mama mzee kwa heshima, kisha akafungua daftari.

"Taarifa tuliyopeleka wilayani inasema wote walihama siku ile," alisema. "Mama yumo kwenye waliohama. Kwa hiyo hakuachwa. Na kama hakuachwa, siwezi kuandika kwamba amefika leo."

"Nyumba je?" Limbu aliuliza.

"Viwanja vimekwisha gawiwa, ndugu."

Mama Apolinaria aliitazama mistari ya nyumba iliyonyooka, akauliza maji wanachota wapi. Akaambiwa ni mwendo wa saa moja.

Katibu akamwomba Mabruki aandike ubovu wa mashine ulikuwa nini. Mabruki akaandika: Abiria aliachwa. Ambrosi alisoma, akampa karatasi nyingine. Safari hii Mabruki akaandika: Maji kwenye chujio. Akatia sahihi. Jumamosi akapanda lori kurudi Tabora.

Mashine haikuharibika tena. Kila asubuhi Limbu anampitia mama yake kwenye matete, na jioni anamrudisha, kwa kuwa kijijini hana pa kulala. Wagonjwa wa zahanati wamezoea kubanana ili apate nafasi, na wajawazito hupenda kukaa karibu naye, kwa sababu huwashika mkono. Taarifa iliyopo wilayani haijabadilishwa.

Akishamteremsha, Limbu husubiri mpaka furushi likae sawa kichwani.

"Umekula?" mama humwuliza.

"Bado, mayu."

"Nenda ukale."

Halafu Limbu anavuta kamba, na mashine inawaka mara moja.