Mbuzi wa Hulda Hapendi Sindano

Asubuhi moja ya mwaka 1951 Hulda aliwaleta mbuzi wake kuchanjwa, nyuma ya nyumba za matofali za watu wa reli, Kamina. Yule mwekundu alikuwa mwoga, jamani! Hata kivuli chake kilimshtua. Florent, muuguzi wa mifugo, alikwisha kujaza sindano. Akamwita Lazare amshike, maana mji mzima hakuna aliyejua kushika kama Lazare.

Lazare hakumkimbiza. Alimwacha asogee mwenyewe ukutani, akasimama ubavuni, akamkingia goti nyuma ya bega, akaweka kiganja chini ya taya. Chini ya taya, si kooni. Mbuzi anayelia anapumua. Akinyamaza ghafla, unamwachia upesi. Hayo Lazare aliyajua tangu ujana wake.

Miguu ya nyuma ilishikwa na Kabongo, mume wa Hulda, aliyekufa miaka miwili kabla. Alikuja kila mbuzi walipochanjwa, amevaa kofia yake ya reli. Hakuna aliyeshangaa, mbuzi si walikuwa wake?

"Umechelewa, bwana," Hulda alimwambia. "Jua iko juu."

Kabongo alifungua mdomo, sauti haikutoka. Watu walisema wafu hawana sauti. Uongo mtupu! Marehemu baba yake Florent alikuja kila Jumapili kuwagombeza majirani, na mtaa mzima ulimsikia. Kabongo alinyimwa sauti na mkono wa Lazare. Lazare alijua, na hatia ilimtafuna kila alipoiona kofia ile.

Mwaka aliokufa Kabongo, wafanyakazi walipangwa mstari ndani ya bohari wachomwe sindano ya malale. Kabongo aliogopa, akarusha miguu. Lazare akaitwa amshike, naye akamkaba shingo. Hata mbuzi, Lazare asingemshika hivyo siku yoyote. Kabongo alinyamaza, na Lazare akadhani ametulia. Wake zao, Hulda akiwamo, walingoja nje. Hulda aliambiwa dawa ilimkataa mumewe, na waliokuwamo ndani wakafunga midomo.

Florent alichoma. Mbuzi alilia, akaachiwa, akatikisa masikio. Kabongo alimtazama Lazare, midomo yake ikacheza polepole: mwambie.

"Anasema nini?" Hulda aliuliza. "Weye iko karibu naye. Minyi sisikie kitu."

Lazare alifuta kiganja kwenye suruali. Alitaka kusema, Mungu shahidi, alitaka kweli. Kisha akayaona macho ya Hulda, akaogopa.

"Anasema mbuzi iko muzuri."

Hulda alicheka kwa furaha. "Aksanti, baba Lazare. Siku ile ya sindano, kama ni weye njo ulimushika, bwana yangu angekuwa muzima."

Akamvuta mbuzi wa pili. Kabongo aliinama, akashika miguu ya nyuma, akamngoja Lazare.