Nyumba Iliyooa

Nakala ya akiba ilikuwa imerejea yote kwenye kompyuta ya majaribio, na Tabitha Mniko alikuwa akilinganisha idadi ya wanachama upande huu na upande ule, umeme ulipokatika mtaa mzima wa Nkende. Feni iliyopoza seva ikapunguza mwendo, ikasimama. Betri ikaanza kulia.

Hakuinuka. Kazi hiyo aliifanya kila asubuhi kabla ya chai, kwa sababu nakala ambayo hujawahi kuijaribu hujui kama ni nakala. Idadi zilipolingana ndipo akaenda dirishani kumwambia mlinzi awashe jenereta.

"Mafuta yaliyopo ni ya kufika saa sita tu," mlinzi alisema. "Meneja amesema bei imepanda tena, tuwashe kwa akili."

Mfuko wa Tiba Mashambani ulikuwa umepanga nyumba nyuma ya maduka, na seva ilikaa kwenye chumba kilichokuwa stoo ya mahindi. Harufu ilikuwa haijaisha. Ndani ya mashine ile zilikuwamo kaya zote za Tarime na Serengeti zilizochangia Mfuko ili watu wao watibiwe: mkuu wa kaya, mwenzi wake, watoto, kadi na tarehe ya kadi kuisha. Kanzidata hiyo Tabitha aliitunza peke yake. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi huo, na barua ya kuuongeza ilikuwa inangoja sahihi ya meneja.

Siku hiyo alitakiwa kuweka sharti. Makao makuu ya Mfuko, Mwanza, yalikuwa yamenunua mfumo mpya, na kabla ya kuhamia huko kila tawi lilipaswa kuifunga kanzidata yake kwa kanuni moja: mkuu wa kaya akiwa mwanamke, mwenzi wake awe mwanamume, na kinyume chake, na kila mtoto awe na baba. Sharti likishawekwa, anayekataa si karani wala meneja. Mashine yenyewe hukataa, na mashine haina ofisi ya kwenda kulalamika.

Tabitha aliandika amri, akabonyeza. Haikupita. Zimo kaya zinazolivunja sharti, kanzidata ilijibu, na sharti haliwezi kuwekwa zikiwamo.

Alizifungua, ingawa alijua atakachokuta. Zilizidi mia moja. Mwanamke na mwanamke wa Kenyamonta, mwanamke na mwanamke wa Mbalibali, kurasa kwa kurasa.

Akampigia Steven, aliyekuwa Mwanza akisimamia uhamisho.

"Hizo ni takataka za makarani," Steven alisema. "Mtu kabonyeza KE badala ya ME. Safisha."

"Si makosa. Ni nyumba ntobhu."

"Ndiyo nini?"

"Mama hakupata mtoto wa kiume. Anatoa ng'ombe, anaoa msichana, na watoto watakaozaliwa, baba awe yeyote, ni wa nyumba yake. Ni ndoa ya Kikurya, ipo tangu zamani. Na hawalali kitanda kimoja, kama ndicho unachowaza."

"Mimi siwazi kitu, dada. Mfumo ndio hauna hiyo, na tumeununua ulivyo. Waandike dada wa kazi."

"Dada wa kazi hatibiwi kwa kadi ya kaya."

"Basi wafute. Tabitha, nina matawi mengine yananisubiri. Saa sita naangalia kitu kimoja tu: sharti lipo au halipo."

Meneja wa tawi, Mseti, alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai, amesikia yote. Yeye mwenyewe alikuwa Mkurya wa Tarime, hakuhitaji kuelezwa.

"Wape waume," alisema. "Marehemu. Kila bibi mwandikie mtoto wa kiume aliyefariki, yule binti awe mjane wake. Si tunawaita wakamwana? Nani ataumia? Hata nyumba ya shangazi yangu imo humo, na mimi sina neno."

"Wataulizwa kwanza?"

"Uwaulize wote hao leo? Na petroli hii?"

Karani akachungulia. Kulikuwa na bibi mapokezi, alisema, kaya yake ni mojawapo ya zile ambazo meneja ameagiza zisihuishwe kadi mpaka jambo hili liishe. Ameambiwa arudi wiki ijayo. Amekaa chini.

Bibi Boke alikuwa ametoka Kenyamonta alfajiri pamoja na mkewe, Agustina, na mtoto wao Robi, aliyelala mgongoni kwa Agustina. Midomo ya mtoto ilikuwa na rangi ya zambarau. Moyo wake ulikuwa na tundu, na hospitali ya rufaa ya Mwanza ilikuwa imempangia upasuaji Jumatatu. Bila kadi hai kitanda kingekwenda kwa mwingine, na zamu nyingine hakuna aliyeweza kuitaja.

"Shikamoo bibi," Tabitha alisema.

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye kompyuta?"

"Mimi ndiye ninayeitunza."

"Binti wa nani?"

"Wa Mniko. Wa Mbalibali."

"Haya, binti wa Mniko. Iambie mchango nimelipa."

Mseti akaingilia kwa sauti ya upole. "Bibi, ni jambo dogo. Tunamwandikia Agustina mume. Mwanao, marehemu."

"Mwanangu yupi?"

"Yeyote. Chagua jina."

"Wewe mura, nimezaa mabinti watupu. Huyo wa kiume nilimzaa lini? Na mlimzika wapi bila kuniita?"

Karani akacheka, akajifanya anakohoa.

"Ni maandishi tu, bibi. Si hata nyumbani mnamwita mkamwana?"

"Mkamwana wa nyumba. Nyumba ndiyo iliyooa, na nyumba haijafa. Ng'ombe zilitoka zizini kwangu, baba yake Agustina akazihesabu mimi nimesimama. Leo mkinizulia maiti, kesho mashemeji zangu wataingia uani: mke wa nani huyu, mtoto wa nani, shamba la nani. Wataleta maandishi yenu hayo hayo."

"Mama," Agustina alisema taratibu, "Robi apone kwanza. Mambo ya jina tutayasema baadaye."

"Likishaandikwa halina baadaye."

Agustina alimpandisha mtoto mgongoni na kuangalia ukuta. Mseti akamvuta Tabitha kando.

"Weka jina," alinong'ona. "Hajui kusoma. Mtoto atatibiwa, Mwanza watanyamaza, na mimi nitaweka sahihi barua yako leo hii."

Tabitha alirudi kwenye chumba cha seva, akafunga mlango. Kaya ya Bibi Boke ilikuwa wazi kwenye kioo. Lilihitajika jina moja na tarehe moja ya kifo.

Yeye mwenyewe alizaliwa katika nyumba ya namna hiyo. Mwanamke aliyeitwa Mogesi ndiye aliyetoa ng'ombe kumwoa mama yake. Mogesi ndiye aliyeuza dume ili Tabitha aende kidato cha tano, na kila likizo alikuwa amesimama barabarani kabla basi halijafika, amevaa koti zito hata kukiwa na jua, ili aubebe yeye mfuko wa madaftari. Siku ya kumwandikisha shule, mwalimu alitaka jina la baba. Foleni ilikuwa ndefu. Mogesi akamtaja Mniko, kaka yake aliyekufa kwa surua hata hajaanza kuchunga. Hivyo Tabitha akawa binti wa mtoto mdogo, na Mogesi hakuandikwa popote.

Mogesi alipofariki, Tabitha alikuwa kwenye ajira yake ya kwanza, Mwanza. Ruhusa ya msiba ilikuwa ya mzazi, mume au mtoto. Ofisa utumishi alifungua jalada lake: mama yu hai, baba alishafariki. Akauliza, bila ubaya wowote, "Sasa huyu Mogesi ni nani wako?" Tabitha alifika Mbalibali udongo wa kaburi umeshakauka na kupasuka.

Mara nyingine, akiwa peke yake na seva, alikuwa akiandika jina la Mogesi na kuiambia kanzidata itafute. Alijua halimo; Mogesi alikufa kabla Mfuko haujaanzishwa. Jibu lilikuwa lile lile, hakuna safu iliyopatikana. Aliliangalia kidogo, akalifuta, akaendelea na kazi.

Jenereta ilikohoa nje. Saa sita ilikuwa inakaribia.

Alianza na kadi. Sharti lilikuwa bado halijawekwa, kwa hiyo hapakuwa na cha kuizuia: aliandika mchango uliolipwa, akasogeza tarehe mwaka mmoja mbele, kaya ya Bibi Boke ikakubaliwa na Agustina akabaki mwenzi. Kisha akaliandika sharti upya na kuliongezea maneno ambayo watunzaji huyatumia kwenye majedwali makubwa, kazi isije ikasimama: yaliyomo yasikaguliwe, yakaguliwe yatakayoingia na yatakayoguswa. Akabonyeza. Likapita.

Simu ikatetema. Steven ameandika: *Nimeliona. Safi sana.*

Tabitha alijua alichokifanya na kilipoishia. Kaya zile zaidi ya mia zingeendelea kusimama hivyo hivyo, maadamu hakuna anayezigusa. Kila moja kadi yake ingeisha, karani angejaribu kuihuisha, na hapo ingegonga ukuta. Na siku yoyote Steven angeweza kuagiza yaliyomo nayo yakaguliwe. Muda alikuwa amewapa. Mahali hakuwa napo pa kuwapa.

Mseti alikuwa anamngoja kwenye ukumbi. "Umewapa waume?"

"Sharti lipo. Mwanza wameliona."

Mseti akashusha sauti. "Na ya shangazi?"

"Ipo. Isiguswe tu."

Mseti akakuna shingo, akaingia ofisini kwake na kufunga mlango. Kuhusu barua hakusema neno.

Bibi Boke aliipokea kadi, akampa Agustina. "Soma."

Agustina alisoma mstari kwa mstari, kidole kikifuata: mkuu wa kaya, mwenzi, mtoto. Aliporudi kwenye neno mwenzi alilisoma tena. Bibi Boke akaitikia kwa kichwa, akaifunga kadi kwenye pindo la khanga na kuinuka kwa kushika goti.

"Basi la Mwanza halijaondoka," alisema. "Twende."

Lakini Agustina hakuondoka. Alilegeza kitenge kidogo, na ndipo Tabitha alipoliona tumbo.

"Na huyu, dada?"

"Unategemea lini?"

"Mvua za vuli."

Tabitha angeweza kusema wataona wakati ukifika. Hilo ndilo lililosemwa kila siku kwenye kaunta ile. "Huyo ataandikwa upya," alisema. "Mashine itamtaka baba mwanamume. Hayupo, haitampokea. Nami sitakuwa na la kufanya, hata kama nitakuwa bado nipo hapa."

Agustina akamgeukia Bibi Boke. Mama yule alikuwa ameshafika mlangoni, jua limemchoma usoni.

"Tutamleta," alisema. "Mumwambie yeye mwenyewe kwamba hayumo, na yeye analia."

Akashika njia ya stendi. Agustina akamfuata, mmoja mgongoni, mmoja tumboni.