Msitu wa Maliro Uko Alimbongo

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, mbele ya nyumba ya kupanga mjini Butembo, Godelive alifunga kinywa cha bidoni ya mafuta ya mawese kwa kipande cha kitenge, akaipanga ndani ya beseni pamoja na kilo mbili za chumvi na miche mitatu ya sabuni. Huwezi kwenda mikono mitupu kwa mtu aliyewapokea watu wako. Binti yake Joyeuse alikuwa tayari ndani ya kabini ya Fuso, amekumbatia futi ya meta hamsini aliyoazima kwa rafiki wa chuoni. Alikuwa amemaliza masomo ya kilimo miezi minne iliyopita, na usiku wa kuamkia siku hiyo hakupata usingizi kwa furaha. Walikuwa wanakwenda kuutembelea msitu wao.

Msitu huo ulipandwa na Maliro, mume wa Godelive, katika kijiji chao kaskazini ya Beni: mikaratusi mia mbili na arobaini, mvule mmoja, na mti mmoja wa avoka alioupanda siku Joyeuse alipozaliwa, juu ya kitovu chake. Kwenye pembe nne Maliro alichomeka majani ya mpaka, yale ambayo kila mtu wa huko akiyaona anajua kwamba shamba la mtu linaanzia hapo. Kisha watu wenye silaha walimuua akiwa anapalilia, akazikwa palepale katikati ya miti. Godelive na Joyeuse walikimbilia Butembo. Msitu ulivumilia miaka mitatu peke yake, halafu nao ukakimbia.

Tangu uondoke, mtu mmoja aliingia shambani akapanda kakao. Aliiambia ofisi inayoandika mashamba ya huko kwamba amekuta udongo mtupu, hakuna mti, hakuna mpaka, kwa hiyo hakuna mwenyewe. Cheti chake kilikuwa kitiwe sahihi Ijumaa iliyofuata. Joyeuse alikuwa na mpango. Atapima msitu, atachora mchoro wake, ataupeleka ofisini kabla ya Ijumaa.

Habari za msitu waliletewa na Yassini, dereva wa Fuso kutoka Beni, ambaye hushuka kusini na chumvi na samaki na kurudi na viazi. Aliupisha barabarani. Alisema ulitembea kwa mstari, ukishika mkono wa kuume, na kwenye kila barrière, kizuizi cha barabarani, uliacha mzigo wa kuni, maana kila anayepita huacha kitu. Butembo ulipita Jumapili saa ya misa ya pili, ndiyo maana Wakatoliki hawakuuona. Hilo lilimuuma Godelive, kwa sababu barabara kubwa iko hatua mia mbili kutoka kwake, na saa hiyo alikuwa kanisani akiuombea.

Njiani Joyeuse aliuliza mara tatu kama mti wa avoka ulikuwemo.

"Ulikuwa ya mwisho kabisa," Yassini alimjibu mara ya tatu. "Unavuta miguu sawa mutoto mwenye hapendi masomo. Nikasema, ah, hii njo ya Joyeuse."

Joyeuse alicheka hadi akagonga kichwa kwenye kioo. Baada ya Lubero ukungu ulifunika vilima, kisha ukaachia, na mashamba ya kabichi yakaonekana yakipanda mlima hadi juu, na ng'ombe wamesimama kwenye miteremko. Baridi iliingia kwa chini ya mlango. Joyeuse alitaja majina ya mimea yote aliyoiona kwa sauti, kama mtu anayesoma mabango. Mama yake alimfunika na kitenge cha pili, lakini yeye alikitupa ili achungulie vizuri.

Sikuli aliwangojea kando ya barabara kuu ya Alimbongo, amevaa koti la mvua na kofia ya sufu. Alikuwa mkulima wa viazi. Aliwaeleza kwamba asubuhi moja alifungua mlango akaukuta msitu umesimama mbele ya nyumba, una vumbi hadi kwenye matawi ya juu. Aliona umechoka. Akauonyesha shamba alilokuwa amelipumzisha nyuma ya nyumba, na msitu ukaingia bila kukanyaga viazi. Tabu moja tu aliipata: mvule ulizoea joto la Beni, ukawa unakohoa alfajiri. Kwa hiyo kila asubuhi mke wake huuwashia moto mdogo upande unaotoka upepo.

Godelive alimkabidhi beseni akasema wasingya, yaani asante, kisha akalisema tena. Sikuli alipokea beseni kwa mikono miwili na kusema kwamba hata yeye alikwisha kukimbia, mara mbili.

Joyeuse hakungoja salamu ziishe. Aliingia msituni mbio, akigusa kila mkaratusi kwa kiganja. Harufu ilikuwa ileile. Miti ilikuwa imejipanga kama baba yake alivyoipanga, safu kwa safu, hata ule mmoja uliopinda karibu na mahali palipokuwa na kisima. Mti wa avoka aliukuta upande wa jua, umefungwa blanketi la zamani kiunoni. Ulikuwa na maua. Joyeuse aliweka shavu lake kwenye gome, akalia, akacheka, akapiga picha kumi na mbili na simu.

Godelive aliingia polepole. Katikati ya msitu alisimama. Pale miti iliacha nafasi, urefu wa hatua mbili na upana wa hatua moja, na hakuna kilichoota ndani yake.

"Hapo sikulima," alisema Sikuli nyuma yake. "Nilizani ni mulango."

"Hapana mulango, papa Sikuli. Ni papa ya Joyeuse. Yeye hakuweza kutembea."

Sikuli alivua kofia. Godelive aliketi kando ya nafasi ile, akaisalimia, akaipa habari za masomo ya Joyeuse na bei ya kodi ya nyumba. Alikaa hapo mpaka chakula kikaiva.

Kazi ya kupima ilichukua saa mbili. Joyeuse alivuta futi na Yassini akashika mwisho wake, huku akilalamika kwamba viatu vyake ni vya dereva, si vya tope. Majani ya mpaka yalikuwa yamekuja pia, yamesimama kwenye pembe nne. Vipimo vililingana na vile baba yake alivyoandika nyuma ya mlango wa nyumba yao ya kijijini: meta tisini kwa sitini na mbili. Joyeuse alipiga kelele ya furaha, na mikaratusi michache ikaangusha majani. Jambo moja tu alilitambua kama mtu wa kilimo: mizizi haikwenda chini. Ilikaa juujuu, kama mtu anayelala na mizigo yake kando ya mlango.

Alichora mchoro kwa kalamu mbili, nyeusi na nyekundu. Chini yake aliandika kwamba miti hii na mipaka hii ni ya Godelive, mjane wa Maliro. Sikuli alitia sahihi kama shahidi, kwa herufi kubwa, na kuomba radhi kwa mkono wake wenye udongo.

Jumatano walikwenda Beni. Ofisi nayo ilikuwa imekimbia, ikafanya kazi katika chumba cha kukodi mtaani, kommune ya Ruwenzori, makabati yakiwa bado na kamba za safari. Katibu Zorobabel aliutazama mchoro kwa muda mrefu. Alikuwa mtu mpole mwenye miwani. Alisema hajaona mchoro safi kama huo tangu mwaka uanze, na Joyeuse akamkanyaga mama yake mguu chini ya meza kwa furaha.

"Muti iko yenu, sibishi," Zorobabel akaendelea. "Mais, muti inaonyesha udongo wenye iko chini yake. Na chini yake sasa ni Alimbongo."

Joyeuse alimweleza kwamba msitu ulikimbia kwa sababu zilezile zilizoikimbiza ofisi yake. Zorobabel alikubali. Alisema ofisi ina mihuri, mihuri inatembea na haki yake, lakini miti haijaandikiwa hivyo. Kisha akavua miwani, akamgeukia Godelive kwa wema.

"Mama, nakusaidia. Hii karatasi natuma kwa mwenzangu wa Alimbongo. Mipaka yako iko kule, shahidi ametia sahihi. Donc, ile shamba inakuwa yako. Kwa desturi yetu haina tatizo."

"Na Sikuli?" aliuliza Joyeuse.

"Ataenda kutafuta kwengine."

Joyeuse aliitazama sahihi yenye herufi kubwa na alama ya kidole cha udongo. Alikuwa ameichora karatasi hiyo yeye mwenyewe, vizuri, kwa kalamu mbili. Uso ulimwaka moto hadi masikioni.

Godelive alinyoosha mkono, akaichukua karatasi mezani, akaikunja mara nne na kuifunga kwenye ncha ya kitenge chake.

"Hapana," alisema. "Yule mutu alinipokelea watu yangu."

Zorobabel alisema ni kama mama apendavyo. Ijumaa cheti cha mwenye kakao kilitiwa sahihi.

Jumamosi walirudi Alimbongo na Fuso ileile. Safari hii Godelive alibeba jembe dogo na madebe manne matupu ya mafuta, yamekatwa juu. Alimweleza Sikuli kwamba majani yale ya mpaka yakibaki, siku moja atakuja mtu mwenye muhuri na kumwambia aondoke kwake. Sikuli alikwenda kuleta jembe kubwa. Waliyang'oa pembe moja baada ya nyingine, Joyeuse akishika mizizi kwa uangalifu na kuyapanda ndani ya madebe, na msitu haukupinga.

Jioni, Butembo, waliyapanga madebe manne pamoja chini ya dirisha. Asubuhi kila debe lilikuwa kwenye pembe yake ya chumba. Mwenye nyumba alipita, akayaona, akasema yanapendeza, na kukumbusha kodi.

Kule kaskazini mwenye kakao alianika mavuno ya kwanza juu ya turubai, hatua chache kutoka kaburi la Maliro. Yassini ndiye aliyeliona turubai, na aliwaambia rangi yake: bluu.

Sasa kila Jumamosi saa kumi na mbili Joyeuse ndiye anayeanza kupanda kabini. Mti wa avoka umeshika matunda saba. Mvule umepunguza kukohoa. Msimu huu Sikuli hakupanda viazi upande wa kaskazini wa msitu. Ameacha njia wazi, upana wa miti sita, hadi kwenye barabara ya kurudi Beni. Hakuambiwa na mtu. Kila wiki anaipalilia.