Mikono Kumi na Miwili Juu ya Jiwe la Soko

Treni ya saa mbili na dakika moja ilikuwa imeshaiacha Marlstead nyuma simu yangu ilipolia, na behewa zima likanitolea macho. Kwetu mtu hapokei simu kwenye treni ya asubuhi. Haongei kabisa. Nimekwenda London na watu walewale kwa miaka kumi na tisa, najua nani hunywa chai bila maziwa na nani kabadilisha miwani, lakini jina la hata mmoja sikulijua. Ukimsalimu mtu anadhani unatafuta ugomvi.

Nikapokea. Alikuwa Bi Winifred Tuckwell, bibi wa miaka themanini na moja anayeuza miche ya maua sokoni kwetu, kama mama yake na nyanya yake kabla yake.

"Rosalind, tuko watano," akasema. "Watano, mwanangu! Na saa tatu hiyoo inakuja!"

Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba ni Siku ya Kusimama.

Mfalme mmoja wa zamani aliupa mji wetu haki ya soko kwa sharti moja. Kila mwaka, tarehe mbili Oktoba, kengele ya kanisa ikimaliza kupiga saa tatu asubuhi, wenye nyumba kumi na wawili waliolala ndani ya ukuta wa mji wawe wameweka mikono juu ya jiwe la soko. Wakipungua hata mmoja, uwanja unamrudia mwenye ardhi. Mwenye ardhi siku hizi ni kampuni, nayo ilishachora mahali pa kuegesha magari mia mbili. Lakini hakuna mwaka ambao watu walipungua thelathini, kwa hiyo hakuna aliyehangaika.

"Wengine wako wapi?" nikanong'ona.

"Mafua yamewalaza. Wazima wamekwenda kwa wajukuu. Na huyu Pettifer hakupeleka matangazo!"

Pettifer ni mwenyekiti wa kamati. "Kwa nini hakupeleka?"

"Ati hakutaka kuwasumbua ninyi mnaofanya kazi. Hakutaka kuwasumbua! Nimemwambia adabu zake zitatuzika."

Ningemlaani Pettifer, lakini hata mimi ningedhani watu wapo wa kutosha, kwa nini nijipeleke? Ndivyo tulivyo. Nikapiga hesabu. Kituo kinachofuata tungefika baada ya dakika nane, na treni ya kurudi ilikuwepo. Nilihitaji watu saba, na wa kwanza ni mimi mwenyewe.

Nikasimama. Niliona haya kiasi kwamba masikio yaliwaka.

"Samahanini," nikasema, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. "Nani hapa ana nyumba ndani ya ukuta wa Marlstead na jana kalala kwake?"

Bwana mmoja mnene akajificha nyuma ya gazeti. Hapo hasira zikanipanda.

"Jamani, siuzi kitu wala sihubiri! Leo ni Siku ya Kusimama na kwenye jiwe wako watano! Tusiporudi, soko limekwenda, na Bi Tuckwell ataambiwa akauzie maua yake kando ya barabara kuu!"

Gazeti likashuka. "Watano?"

"Watano."

"Nina mkutano saa tatu na nusu."

"Hata mimi ninao. Potelea mbali!"

Akatazama dirishani. "Nilinunua waridi kwa yule bibi," akasema polepole. "Nikalitilia maji mengi, likafa. Alinikaripia wiki tatu nzima, kila nikipita." Akaanza kukunja gazeti lake.

Mwanamke aliyekuwa amepaka wanja jicho moja tu akainua mkono. "Mimi Mtaa wa Kinu, namba kumi na saba."

"Kumi na saba?" Jamaa mwenye mkate uliopakwa siagi aligeuka ghafla. "Mimi kumi na tisa! Kumbe wewe ndiye mwenye piano?"

"Kumbe wewe ndiye unayenigongea ukuta!"

"Nagonga kwa sababu unakosea palepale kila siku!"

"Basi njoo upige wewe, fundi!"

Behewa likaangua kicheko. Miaka kumi na tisa, sikuwahi kusikia kicheko humo ndani, na nywele zilinisimama kwa furaha. Mume na mke waliokuwa wamekaa mbalimbali, kila mmoja na kitabu chake, wakanyoosha mikono kwa pamoja. Wengine walikuwa wa nyumba mpya, nje ya ukuta, wakawa wanasikitika waziwazi. Mama mmoja wao akapiga kelele, "Mimi sihesabiwi, lakini mlango nitawashikia!"

Kweli akaushika. Tukateremka sita, tukavuka daraja mbio hadi upande wa pili, na hapo ndipo furaha yangu ilipoingia maji. Sita na watano ni kumi na mmoja.

"Tutabisha milango," akasema mwenye piano. "Hatutakosa mtu mmoja."

Treni ya kurudi ilichelewa dakika sita. Mume na mke walibishana njia nzima kuhusu nani alitakiwa kukumbuka tarehe. Tulipofika Marlstead ilikuwa imebaki dakika kumi tu, na kutoka kituoni hadi uwanjani ni mlima mtupu. Tukakimbia na mikoba yetu ya ofisi. Tulibisha Mtaa wa Kinu, tukabisha Uchochoro wa Watawa, tukagonga vyuma vya milango iliyokuwepo kabla ya babu wa babu zetu kuzaliwa. Mbwa walibweka. Hakuna aliyefungua. Wenye mafua hawakuweza kuinuka, na wengine wote wa mji ule mzuri walikuwa London, wakitafuta pesa za kulipia kuishi Marlstead.

Tuliingia uwanjani tukihema. Pettifer, mwekundu kwa aibu, alikuwa ameshika jiwe kwa mikono miwili, utadhani wangemhesabu mara mbili. Bi Tuckwell alitutazama mmoja mmoja, midomo ikihesabu, kisha akafumba macho. Tukaweka mikono. Jiwe lilikuwa baridi na bichi.

Pembeni alisimama mtu wa kampuni, na fomu yake. Nilipomwona nikaduwaa. Ni yule bwana anayesimama kushoto kwangu kituoni kila asubuhi, mwaka wa sita sasa.

"Wewe!" nikasema.

"Habari za asubuhi," akajibu, na hayo yakawa maneno yake ya kwanza kwangu. "Samahani. Naona kumi na mmoja."

Kengele ikaanza. Saa tatu yetu kwa Kiingereza ni saa tisa, kwa hiyo inapiga mara tisa, taratibu, haina haraka na mtu.

"Bwana," akaita Bi Tuckwell, "wewe unakaa wapi?"

"Mtaa wa Kondoo, bibi. Namba nne."

"Umepanga?"

"Hapana. Ni yangu."

"Na jana umelala wapi?"

Kengele ya tatu. "Nimetumwa kuhesabu, bibi. Sikutumwa kusimama."

"Sikukuuliza umetumwa nini. Nimekuuliza umelala wapi."

"Kitandani kwangu."

"Haya basi. Hesabu vizuri."

Ya nne. Ya tano. Nilitaka kumvuta kwa tai yake. Nilitaka kupiga ukelele. Yeye alitazama fomu, kisha akanitazama mimi, utadhani mimi ndiye rafiki pekee aliyekuwa naye pale.

"Watanifukuza," akasema.

Hasira zangu zote zikaniisha. Wangemfukuza, ndiyo. Ana nyumba ya kulipia kama sisi sote, na treni ya kupanda kesho. "Najua," nikamwambia. Hilo tu.

Ya sita. Bi Tuckwell hakumbembeleza. Alisogeza mkono wake kidogo, ikabaki nafasi ya kiganja kimoja juu ya jiwe.

Ya saba. Ya nane. Akavua glavu kwa meno, kwa kuwa mkono wa pili ulikuwa na fomu, akapiga hatua, akaweka kiganja chake kati ya changu na cha bibi. Ya tisa ikalia juu ya vichwa vyetu vyote.

"Kumi na wawili," akasema kwa sauti iliyokauka, akaandika hivyo, akatia sahihi.

Tulipiga kelele hadi njiwa wakaruka kanisani! Mwenye piano alimkumbatia mgonga ukuta, Pettifer akalia bila kuomba radhi, bwana wa gazeti akambusu Bi Tuckwell akasukumwa mbali. Mimi nilikuwa nacheka na machozi yananitoka. Yeye alibaki palepale kwenye jiwe, fomu mkononi, glavu imeanguka chini.

Nikaiokota. "Mimi Rosalind," nikasema.

"Crispin." Akatazama saa yake, kisha barabara ya kituoni. "Sijui sasa niende wapi."

Bi Tuckwell alikuwa ameshaanza kuburuta meza yake ya miche katikati ya uwanja. Akamgeukia, akamnyooshea kidole.

"We Crispin, njoo ushike upande huu. Meza haijibebi."