Huduma Iliyofutwa

Ofisini walimwita Shangazi, maana aliajiriwa akiwa tayari ana wajukuu, na mkuu wake wa kazi alikuwa rika la kitindamimba wake. Alikuwa fundi wa kompyuta katika kampuni ya tiketi za mabasi, bado mgeni, na alijitahidi asionekane mzito.

Asubuhi moja mkuu alipita na kikombe mkononi.

"Shikamoo, Shangazi. Ile huduma ya zamani ya tiketi iondoe. Inakula nguvu za mashine bure."

"Marahaba. Ondoa shaka."

Programu zao zote zilikuwa chini ya msimamizi mmoja, programu kubwa iliyozigawa kwenye mashine na kuzifufua zikizimika. Shangazi akaifungua, akatafuta palipoandikwa "huduma", akaiona ile ya tiketi za zamani, akafuta. Kazi kwisha.

Kiti hakijapata joto, dada wa huduma kwa wateja akaingia mbio. "Jamani, simu zinanipasua masikio! Watu hawawezi kubadili tarehe za safari!"

Mkuu naye akaja, wote watatu wakaikodolea macho skrini. Kila kitu kijani kibichi. Programu zote hai, hata ile ya zamani.

"Si nimeifuta?" Shangazi akanong'ona, jasho likimtoka. "Mbona iko hai?"

Akafungua maelekezo, akasoma, akarudia. Kisha akaangua kicheko mpaka miwani ikamteleza.

"Kumbe humu 'huduma' si programu! Ni mlango tu wa kuingilia. Programu imekaa ndani inasubiri wageni, nami nimeziba mlango!"

Akaurudisha. Punde si punde simu zikanyamaza.

Mkuu akajikuna kisogo. "Afadhali ulikosea, Shangazi. Mimi nilikusudia programu yenyewe, nikidhani haitumiki tena, kumbe ndiyo inayobadili tarehe. Ungeifuta, tungekoma."

"Nani aliyeuita mlango huduma?"

"Hata sijui. Alikuwa na haraka, nadhani."

"Na mimi je?" dada akadakia, mikono kiunoni. "Mimi ndiye huduma kwa wateja. Mngenifuta na mimi?"

Wakacheka hadi watu wa chumba cha pili wakachungulia. Wakakubaliana: mlango uitwe mlango, programu iitwe programu. Ila ulimi wa mkuu haukuzoea upesi. Kila akiteleza kusema "huduma", ofisi nzima humrukia: "Ipi?" Naye, bila ubishi, hutoka kwenda kuwanunulia wote chai.