Kidole Gumba cha Marlys

Rennick alimpiga Hollis kwa fimbo ya chuma ya kuchochea moto, na kwa pigo la pili kila mtu bandani alisikia mfupa wa mkono ukivunjika. Kosa la Hollis lilikuwa kupiga soga huku moto ukilegea chini ya karai. Alipokemewa alicheka, akasema, "Punguza jazba bwana, hii ni shira ya mtama, si dhahabu." Basi, hakuwahi kusema la pili.

Pale Kijito cha Mwerezi, kwenye vilima vya Missouri, hakuna anayeita polisi. Wote wanaishi kwenye ardhi moja, jiko moja, mfuko mmoja, na mambo yao wanayamaliza wenyewe wakiwa wamekaa kwenye duara. Anayempiga mwenzake anaondoka. Lakini sharti wakubaliane wote: gumba juu ni ndiyo, gumba chini ni hapana, na gumba moja tu likielekea chini, jambo limekwama. Sheria hiyo aliitunga Marlys mwenyewe na marehemu mumewe, enzi walipoanzisha kijiji, wakilala kwenye hema na kula maharagwe asubuhi na jioni. Alijivunia sheria ile kuliko nyumba zote walizojenga baadaye.

Jioni ile, Rennick aondoke au asiondoke, magumba yalipanda duara zima. Binti yake, Dorrie, alilipandisha lake kabla hata swali halijaisha. Marlys akaligeuza lake chini.

"Mama! Mkono wa Hollis hukuuona?"

"Nimeuona. Na mabua je, nyie mmeyaona?"

Mtama ulikuwa umeshakatwa, marundo kwa marundo nje ya banda, na maji matamu ya mabua yake, yanayopikwa kuwa shira, hayangengoja watu wamalize hasira zao. Shira ndiyo iliyowaweka juu ya ardhi ile. Bila shira hakuna kodi ya ardhi, hakuna mafuta ya trekta, na majira ya baridi yakija hakuna kijiji. Na aliyejua kuipika isiungue ni Rennick. Mwaka alioumwa walijaribu wengine, wakapata kitu cheusi ambacho hata nguruwe walikinusa wakaenda zao.

"Amalize mavuno," alisema Marlys. "Karai la mwisho likiiva, nitambebea begi mpaka barabarani kwa mikono yangu."

Rennick alikuwa amekaa palepale, maana sheria inampa mshtakiwa haki ya kusikia kila neno, ingawa haimpi gumba. "Ahsante, bibi," alisema. "Niwapikie kwanza, ndiyo mnitupe. Mna akili sana nyie."

"Tuna njaa," Marlys alimjibu, na baadhi ya watu wakacheka. Laiti wasingecheka. Marlys alidhani amepata ushindi wa pande zote, kumbe amemweka mbele ya moto mtu ambaye hana tena cha kupoteza.

Kwa kuwa Hollis alikuwa na mkono mmoja, Dorrie ndiye aliyeshika upawa wa kuengua povu. Alisimama upande wa pili wa karai, akimtazama Rennick na Rennick hamtazami. Jamaa alipika kimya, na hakuna aliyewahi kuona shira nzuri namna ile. Chupa zilijaa rafu baada ya rafu, na Marlys akaanza kupata usingizi usiku.

Karai la mwisho lilikuwa zito, linachemka taratibu. Rennick akaichomoa fimbo yake motoni.

"Ndiyo ya mwisho hii, au siyo, Marlys?"

"Ndiyo ya mwisho."

"Basi nenda kalete begi langu."

Akaipachika fimbo chini ya ukingo wa karai, akalisukuma juu kwa nguvu zake zote. Karai likapinduka kuelekea upande wa Dorrie. Dorrie alikinga uso kwa mikono, na mikono ndiyo iliyopokea yote. Maji ya moto yangechuruzika, lakini shira inanata. Alijaribu kuifuta kwa mkono mwingine, ngozi ikafuata. Alipiga ukelele ambao Marlys hajawahi kuutoa masikioni mpaka leo.

Wengine walimkimbilia Dorrie na ndoo za maji. Marlys alikimbilia beleshi la majivu. Alimpiga Rennick gotini, jamaa akaanguka. Akampiga begani. Rennick akainua kiganja akasema, "Basi, Marlys, basi," na Marlys alimsikia vizuri kabisa. Akampiga usoni. Taya likaenda upande, meno yakamwagika kwenye majivu, naye akainua beleshi tena, akashusha tena, mpaka Hollis alipomkumbatia kwa nyuma kwa ule mkono wake mzima. Tuseme ukweli: Marlys alikuwa anafurahi.

Waliwapeleka Dorrie na Rennick hospitali ya mjini kwa lori moja. Rennick hakurudi, na safari hii kufukuzwa kwake hakukupingwa na mtu. Dorrie alirudi theluji ya kwanza ilipoanguka, mikono imefungwa bandeji mpaka viwiko. Siku hiyo duara likakaa tena.

"Limebaki jambo moja," alisema Hollis, macho chini. "Mtu alisema basi, akaendelea kupigwa. Sheria haisemi tuangalie nani kapigwa."

"Haisemi," alijibu Marlys. Aliiandika mwenyewe. Aliogopa, maana hakuwa na mahali pengine duniani, wala kaburi la mumewe halikuwa mahali pengine. Alihitaji gumba moja tu lielekee chini.

Magumba yakapanda. Wengine walilia, lakini yalipanda. Hollis akapandisha la mkono wake mzima. "Ungelipandisha lako siku ile, Marlys," alisema. "Ungelipandisha tu."

Alibaki Dorrie. Bandeji zilikuwa zimemeza vidole vyote, haikuonekana gumba liko wapi.

"Sema kwa mdomo, mpenzi," mtu akamwambia.

Dorrie alimtazama mama yake, machozi yanamtiririka na hana cha kuyafutia.

"Langu liko juu, mama."

Marlys akainuka. Theluji ilikuwa inaendelea kuanguka, na Hollis ndiye aliyembebea begi mpaka barabarani.