Lenzi Aliyoirudisha Mutanu

Katika Makueni nzima na hata ng'ambo ya mto Athi, watu walimjua Mutanu Kaloki kama mpiga picha asiyepanga wageni kama magunia ya pojo. Aliwaacha wacheke, wagombane kidogo, wamfunge bibi harusi lemba lililolegea, kisha akawanasa wakati wamemsahau. Studio yake ilikuwa Wote, chumba kimoja juu ya duka la dawa za mifugo, na mkono wake ulikuwa umeshazoea kazi. Kitu kimoja tu kilikuwa kinamtesa. Miaka yote alikuwa akitumia lenzi moja pana, ile inayomeza kwaya nzima bila kumwacha mtu nje, na hakuwa na lenzi ya sura: ile inayomvuta mtu mmoja mbele, macho na mikunjo na yote, na nyuma yake kila kitu kikayeyuka.

Aliyempatia lenzi hiyo ni Mwanamisi. Mwanamisi aliuza simu na vifaa vya kamera mjini Kitui, katika duka lililoanzishwa na babu yake aliyetoka pwani akaoa huko. Alizaliwa Kitui na kusomea Kitui, na Kikamba chake kilikuwa na methali ambazo Mutanu mwenyewe alikuwa hazijui. Walijuana tangu Mutanu hana mbele wala nyuma. Kamera ya kwanza aliyoshika maishani ilitoka kwenye kaunta ya Mwanamisi, akaambiwa akae nayo mpaka ajue kama kazi hiyo ni yake.

Basi lenzi ilipofika, Mutanu aliifunga kwenye kamera palepale dukani, akampiga Mwanamisi picha mbili tatu akiwa anacheka, akazitazama kwenye kile kiskrini kidogo na kuziona nzuri. Akaibeba hadi nyumbani kwa furaha.

Kazi ya kwanza ya lenzi hiyo ilikuwa katika kijiji cha Tulia, kumuaga Mwalimu Syokau aliyekuwa anastaafu baada ya kufundisha shule moja zaidi ya miaka thelathini. Watu walikuja kutoka mbali. Waliowahi kuchapwa naye walikuja na wake zao na magari yao, wakalia mbele yake kama watoto. Mutanu alimfuata mwalimu asubuhi yote kwa lenzi mpya, akawa na hakika kwamba hajawahi kufanya kazi nzuri kama ile.

Alipozifungua picha kwenye kompyuta, moyo ulimshuka. Hereni ya mwalimu ungeweza kuhesabu nakshi zake. Nywele nyeupe zilizochomoza chini ya kitambaa zilionekana unywele kwa unywele. Lakini macho, macho yaliyokuwa yamejaa machozi huku mdomo ukicheka, yalikuwa na ukungu kana kwamba yametazamwa kupitia maji. Picha ya kwanza ilikuwa hivyo, na ya pili, na ya mia.

Muthoki, bintiye mwalimu, alikuja kuzichukua. Alizitazama moja moja, akauliza kama hizo ndizo zote zilizopo. Hakugomba. Mutanu angependa agombe. Alimpa zile za lenzi pana, za umati, ambamo mwalimu alikuwa kichwa kimoja kati ya vichwa vingi, na Muthoki akaondoka nazo akiwa amezibana kwapani kama mtu aliyepewa risiti.

Siku iliyofuata Mutanu hakufungua studio. Alipanga viberiti vitano juu ya meza karibu na dirisha, kimoja nyuma ya kingine, akalenga cha tatu. Cha nne ndicho kilichotoka kikali. Akalenga tena, na tena, karibu na mbali, kwenye jua na kivulini. Kila mara lenzi ilishika nyuma ya pale alipoiambia. Kufikia saa nne alikuwa amemaliza kesi na kutoa hukumu. Lenzi ni mbovu, na aliyemuuzia ndiye aliyemwaibisha mbele ya watu wa Tulia.

Alimpigia Mwanamisi. Mwanamisi alisikiliza mpaka mwisho, akampa pole ya picha za mwalimu, halafu akamuuliza kama ameijaribu lenzi kwa kulenga kupitia skrini ya nyuma, badala ya kile kitundu cha kuchungulia kwa jicho. Mutanu akasema hana haja ya kujaribu zaidi.

"Basi njoo nayo," Mwanamisi akasema, "na uje na kamera yako pia. Tuziangalie zote mbili pamoja."

Maneno hayo yalikuwa mepesi tu, lakini siku ile Mutanu hakuwa na masikio ya kusikia kitu chepesi. Aliona anageuziwa kibao. Akajibu kwamba kamera yake haina neno, ameitumia miaka sita, na kama Mwanamisi anatafuta pa kutokea atafute kwingine. Akakata simu. Kabla hasira haijapoa akafungua grupu la wapiga picha wa Kitui na Makueni, watu zaidi ya mia mbili, Mwanamisi akiwa mmoja wao, akaandika wajihadhari na lenzi zinazouzwa na Mwanamisi. Wenzake wakauliza kulikoni. Akawatumia picha za viberiti. Mmoja akauliza kama ni feki. Mutanu hakujua kama ni feki au si feki. Vidole vyake vikaandika, "Naona ni feki." Kisha akaifungia namba ya Mwanamisi isimfikie, kwa sababu hakutaka kubembelezwa.

Kesho yake alikwenda Kitui, na kamera akaiacha nyumbani makusudi.

Mwanamisi aliipokea lenzi, akaiinua kwenye mwanga, akaizungusha taratibu, akaiweka chini. Alimrudishia pesa yake yote bila kumwomba maelezo. Mutanu alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, sasa hakujua mikono yake aiweke wapi.

"Ungeniambia mimi kwanza," Mwanamisi alisema.

"Nilikuambia. Nilikupigia."

"Ulinipigia saa nne. Kwenye grupu uliandika saa nne na robo."

Mutanu alitoka bila kuaga.

Miezi ikapita. Habari zilimfikia vipande vipande. Nthiwa wa Mwingi alikuwa amerudisha betri alizonunua kwa Mwanamisi, ingawa zilikuwa zinafanya kazi. Musyimi, mwenye studio mbili, alikuwa amefuta oda yake. Mutanu akisikia hivyo alijiambia kwamba haki imetendeka, na alijiambia mara nyingi kuliko mtu anayeamini anavyohitaji kujiambia.

Mvua za Novemba zilipokwisha, alinunua lenzi nyingine ya sura, safari hii kutoka Nairobi. Akampiga nayo picha jirani yake akiwa amesimama mlangoni. Masikio yalitoka makali, macho yakawa na ukungu. Aliwapigia wauzaji, wakambadilishia bila maneno mengi. Ile ya badala ilipofika aliipangia viberiti. Akalenga cha tatu. Kikatoka cha nne.

Hapo ndipo alipoibeba kamera kwa Kiilu, fundi aliyekuwa amehamia Wote karibuni, mtu mpole mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kwenye paji la uso. Kiilu aliifunga kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, akawasha skrini ya nyuma, akalenga kwa skrini. Kiberiti cha tatu kikatoka kikali mpaka maandishi yake yakasomeka. Akalenga kwa kitundu cha jicho. Kikatoka cha nne.

"Lenzi haina kosa," alisema. "Mama, hii kamera iliwahi kuanguka?"

Mutanu alisema hapana. Alisema upesi, kama mtu anayefukuza nzi, na Kiilu akaendelea kufuta kamera kwa kitambaa. Akimtazama anavyofuta, Mutanu akaikumbuka harusi aliyopiga picha kijijini Nuu. Alikuwa amefungua mlango wa gari akiwa na haraka, kamera ikateleza kutoka kwenye kiti na kugonga jiwe. Aliiokota, akapuliza vumbi, akapiga kwaya picha moja kwa lenzi pana, akaona iko sawa. Hapakuwa na mtu aliyeona. Kwa kuwa hakuna aliyeona, aliliacha jambo hilo Nuu, na baada ya wiki mbili lilikuwa kama halikutokea. Hiyo ilikuwa kabla hajanunua lenzi kwa Mwanamisi.

"Ilianguka," akasema.

Kiilu alimweleza bila kumlaumu. Ndani ya kamera ya aina ile, nyuma ya kioo kikubwa kuna kingine kidogo kinachosaidia kulenga. Kamera ikigongwa, hicho kidogo kinaweza kupinda kiasi usichoweza kukiona kwa macho. Lenzi pana inasamehe kosa hilo, kwa sababu inaonyesha vizuri vya mbele na vya nyuma pamoja. Lenzi ya sura haisamehe. Akachukua kijifunguo chembamba, akazungusha kidogo, akajaribu, akazungusha tena. Kazi yote haikufika nusu saa. Mutanu alikaa kwenye stuli akitazama, na nusu saa ile ndiyo iliyomchoma kuliko kitu kingine. Nusu saa kwenye kaunta ya Mwanamisi, kamera na lenzi pamoja, kama alivyoombwa.

Alikwenda Kitui Jumatatu. Duka lilikuwa palepale, lakini zile kabati za vioo zilizokuwa na kamera hazikuwepo. Mahali pake zilining'inia dera na mitandio ya kila rangi. Mwanamisi alikuwa anakunja nguo. Alipomwona akamkaribisha kwa Kiswahili, taratibu, kwa adabu zote. Wao wawili hawakuwahi kusemezana kwa lugha nyingine ila Kikamba, na Mutanu alihisi ugeni wa ile 'karibu' kabla hajaketi.

Alisema yote. Alianza na Nuu na jiwe, akaja kwenye viberiti, akamaliza na Kiilu. Hakujipunguzia kitu. Mwanamisi aliendelea kukunja, akapanga nguo moja juu ya nyingine, akazisawazisha kwa kiganja.

"Nilijua," alisema. "Siku ile ile uliyoirudisha niliifunga kwenye kamera ya hapa dukani, nikampiga picha binti yangu Naila. Kope zake zilionekana moja moja."

"Mbona hukunitumia hiyo picha?"

"Nilikutumia. Ilibaki na alama moja tu, haikufika. Nikangoja siku tatu, nikaelewa kwamba umenifungia."

Mutanu aliuliza kwa nini hakujitetea kwenye grupu, na Mwanamisi akasema muuzaji akisifu kitu chake hakuna anayemsikia, ni kazi yake kukisifu. Mtu ambaye angesikilizwa alikuwa mmoja. Mutanu akasema ataandika ukweli leo hii, mbele ya wote.

"Andika. Ni vizuri uandike. Lakini usidhani nitarudisha kamera hapa. Zile kabati nimeziuza, na roho yangu imeshatoka huko." Akachukua dera jingine akalikunja. "Nilikusamehe, Mutanu. Nilikusamehe mapema, kwa sababu nilichoka kuwa na hasira. Usije ukakaa ukifikiri nakulaani."

Ile lenzi, alipoulizwa, alisema aliiuza kwa kijana mmoja wa Matinyani kwa hasara, na kijana anaisifu mpaka leo.

Mutanu aliandika akiwa ameketi kwenye benchi nje ya posta. Aliandika kirefu, akataja kuanguka kwa kamera, akataja neno feki na kwamba alilisema bila kujua. Wengine waliweka alama ya kidole gumba. Mmoja akaandika kwamba ni vyema kukiri. Kabla ya saa kwisha mtu mwingine aliuliza nani anauza flashi, na mazungumzo yakahamia kwenye flashi. Jioni Nthiwa alimwandikia pembeni kwamba amefanya uungwana kumtetea rafiki yake, ila betri za yule mama hata yeye alisikia si nzuri. Mutanu akamwuliza alisikia kwa nani. Nthiwa akasema hakumbuki, watu tu.

Alikwenda Tulia pia. Alimwomba Mwalimu Syokau ruhusa ya kumpiga picha upya, bure, na mwalimu akakubali, akaketi mlangoni kwake na kitambaa cha kawaida. Picha zilitoka safi kabisa. Zilikuwa picha za mwanamke mzee ametulia nyumbani kwake siku ya Jumatano. Muthoki alishukuru, akaziweka kwenye bahasha.

Tangu hapo Mutanu akipata kazi upande wa Kitui hupitia dukani. Sikukuu ya Idi alituma salamu, akajibiwa vizuri. Mwezi uliopita, akiwa njiani kwenda Mwingi, aliingia akachagua mtandio wa kijani ambao hakuwa na nguo ya kuuvalia. Walizungumza habari za mvua, na za Naila aliyeanza chuo, na za bei ya mahindi. Kulikuwa na wateja wengine wawili, na Mwanamisi aliwahudumia wote kwa zamu yao. Zamu ya Mutanu ilipofika, Mwanamisi aliukunja mtandio vizuri, pembe kwa pembe, akamwuliza kama angependa awekewe kwenye mfuko.

Mutanu akasema ndiyo, asante. Akaupokea, akatoka kwenye jua.